Aliyeingia Bila Shikamoo

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa karani kijana katika chuo kimoja hapa Korogwe, mwanafunzi mmoja wa kijiji cha Sindeni aliingia ofisini bila hata shikamoo. Aliitwa Zuberi. Hakunitazama usoni. Aliweka barua mezani, akainyoosha mpaka ikalingana na ukingo wa meza.

"Naomba kufanya mtihani chumba cha peke yangu. Kelele za ukumbini zinanivuruga."

Nilivimba, mwanangu. Kwetu asiyeamkia huonekana hana malezi, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa kiti cha kuzunguka.

"Kwenu hawasalimii?"

"Wanasalimia," akajibu, basi.

Nikamwambia nafasi hizo ni za walemavu, na yeye macho anayo, miguu anayo. Alete cheti cha daktari. Akaleta. Nikasema hakina muhuri wa hospitali ya mkoa. Akaenda Tanga, akarudi nao. Nikamwambia muda wa maombi umekwisha. Na nani aliyeumaliza, kama si mimi? Siku ya mtihani aliziba masikio kwa viganja, akatoka kabla ya swali la pili. Hakurudi tena chuoni, kijana aliyekuwa akiwafundisha wenzake hesabu.

Miaka ile neno usonji, hali ya ubongo inayoweza kufanya kelele na salamu ziwe mzigo kwa mtu, sikulijua. Makarani wa leo wana kisingizio gani? Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu Mwanaidi, mwenye usonji, kuomba chuoni kwake chumba cha mtihani kama kile. Karani akamtazama juu mpaka chini.

"Mbona mzima huyu, bibi? Na salamu hana."

Kisha akadai muhuri. Nilikasirika, maana maneno yale yalikuwa yangu. Mwanaidi bado anasubiri jibu, na mtihani ni mwezi ujao.

Sasa wewe, mwanangu, kesho unaanza kazi kwenye dirisha la karani kama huyo. Akija mtu asiyekuamkia, soma barua yake kwanza. Usimpime ulemavu kwa macho yako, wewe si daktari. Kama kuna karatasi zinazotakiwa, mtajie zote siku hiyo hiyo, si moja leo na nyingine mwezi ujao. Na ukiona tarehe inakaribia, inuka kitini ukamtetee.

Nenda, Mungu akubariki na akupe moyo mpana. Wala asikuzeeshe kama mimi, ukibeba moyoni jina la mtu uliyemfungia mlango.