Vidole Gumba vya Rabha

Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nalisema mapema, msije mkadhani nimekaa hapa kulaumu watu. Mdomo wangu huu huu, ambao miaka ishirini na sita umekaa mlangoni pa hamamu letu, bafu la mvuke la wanawake hapa Meknes, ukiwagombeza wanawake wanaosahau ndala zao, ndio uliompeleka Rabha kule.

Rabha alikuwa mkandaji. Mimi nalinda nguo mlangoni, yeye yuko ndani kwenye chumba cha moto, kati yetu pazia la plastiki tu. Mteja akiingia na haraka zake, namsikia Rabha: "Haraka ya nini? Umeacha mume jikoni anaungua? Rudi ukae kwenye joto. Mwili wako haujaiva." Na mtu anarudi, awe mke wa mwalimu au muuza mnanaa. Hamgusi mtu mpaka mvuke umlainishe. Halafu anamlaza chini kwenye marumaru, anampaka sabuni nyeusi ya zeituni, anamkanda kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa goti ikibidi, uzito wake wote ukimsaidia. Kidole gumba alikitumia mwisho kabisa, pale padogo ambapo kiganja hakifiki. Mama yake alimfundisha hivyo.

Na mama yake ndiye aliyemkanda Rabha alipomzaa Widad, mwanawe wa pekee. Kwao mzazi hukandwa na mama yake siku ya saba, mifupa iliyofunguka ikafungwa, na mkono wa mwingine haukubaliwi. Widad aliolewa akakaa miaka sita bila mimba. Miaka sita hiyo Rabha ananiambia, "Yamna, mikono hii kuna siku moja naiwekea." Nami namcheka, "Basi iweke kwenye friji."

Mwaka juzi likafunguliwa duka la kukanda ng'ambo ya barabara. Si la mtu, ni la kampuni yenye matawi kila mji: mlango ule ule, harufu ile ile, na kadi ya kulipia kwa mwezi. Wakaanza kuhama wasichana. Nikasema wanafuata kiyoyozi hao, watarudi. Akahama mke wa mwalimu. Alipita mbele yangu na mfuko wa lile duka, uso kaugeuzia ukutani. Nikampigia kelele, "Eti bibi, huko wanakuosha na dhambi?" Akakaza mwendo.

Tulikuwa na wakandaji watatu. Mmoja akaenda kuoka mikate, mwingine akaenda kukaa kwa mwanawe. Rabha akabaki na mteja mmoja kwa siku, na siku nyingine hana. Ndipo Widad akashika mimba.

"Nenda kule," nikamwambia. "Mkono ni mkono. Mzazi atahitaji rfisa, kuku wa uzazi na uwatu wake, utampikia mvuke?"

"Usiache mbachao kwa msala upitao, Yamna."

"Mbachao wenyewe umeoza!"

Ndivyo nilivyosema. Mungu anisamehe.

Akaenda, akatia sahihi karatasi aliyosomewa mbio mbio. Jioni ya kwanza alinisimulia tukicheka mpaka chai ikapoa. Chumba baridi kama cha maiti. Kitanda kimeinuka juu, goti halina pa kukaa. Mtu anatoka barabarani mkavu, mgumu kama mkate wa juzi, na saa inamsubiri: dakika hamsini, mwingine. Alimwambia mmoja mwili wake haujaiva, yule akashtaki kwenye simu yake hapo hapo. Msimamizi, msichana anaitwa Hind, umri wa Widad, akamwita pembeni.

"Mama Rabha, mteja haambiwi arudi. Na usiongee naye kabisa."

"Sasa nitajuaje panapomuuma?"

"Amejaza fomu."

Tulicheka, nakwambia! Wapumbavu sisi. Hatukuona kwamba mwili usioiva haukandiki kwa kiganja. Unachimbwa. Na kilichobaki cha kuchimbia ni kidole gumba, miili minane kwa siku.

Mwezi wa nne wa kazi ile alikuja kwangu, akashika birika kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika mezani.

"Umezeeka, shoga," nikamtania.

Hakucheka. Akaniwekea mikono mezani. Shina la kila gumba lilikuwa limevimba, jekundu, na alipojaribu kubana kijiko kikaanguka.

"Acha kazi leo hii!"

"Nikiacha, ile karatasi inasema mwaka mzima nisimkande mtu kwa malipo mji huu."

"Hata hamamuni?"

"Hata hamamuni."

Akaendelea. Alijifunga vitambaa, akameza vidonge, mpaka siku mteja aliposema anakandwa na mtoto mchanga. Wakamwambia apumzike, watamwita. Hawakumwita. Daktari alisema gumba zile zitatulia maumivu, lakini nguvu asizitarajie. Yaani wale watu walimkataza kazi ambayo hawezi tena kuifanya. Hind alimletea krimu na kadi ya kukandwa bure mara tatu. Si mtoto mbaya, naye ana wakubwa wake Casablanca hajawahi kuwaona. Ile kadi niliichana mimi.

Widad akazaa mtoto wa kike. Siku ya saba mwenye hamamu akatuachia chumba cha moto peke yetu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote nikaacha mlango wangu nikaingia kushika beseni. Rabha hakuwa amemwambia mwanawe lolote. Nilimsihi amwambie, akanitolea jicho.

Widad aliiva. Sijaona mwili ulioiva vile, mlegevu, una imani yote. Rabha alimpaka sabuni, akapita kwa kiganja mgongo mzima, kwa kiwiko mapajani, na mtoto wa watu akaguna kwa raha. Nikaanza kutumaini, mjinga mimi. Halafu wakafika kwenye nyonga, pale padogo panapofungwa mifupa, pa kidole gumba peke yake.

"Hapo, mama," Widad akasema, macho kayafumba. "Hapo hapo. Bonyeza."

Rabha alikuwa amekaza meno. Jasho na machozi vilidondoka pamoja juu ya mgongo wa mwanawe, na vile vidole vikateleza juu ya sabuni, vikarudi, vikateleza tena. Nilitaka kuweka mkono wangu juu ya wake nisukume. Sikuthubutu, mkono wa mwingine haukubaliwi.

"Mama, mbona hubonyezi?"

"Nabonyeza, mwanangu."