Wembe wa Baba Raymond

Mume wangu Patrisi ni kinyozi, na kama kuna mtu Karatu hii mwenye kichwa kigumu kuliko chake, aletwe hapa nimwone. Wembe wa kukunja ameushika tangu ujana wake kule Buger. Akaja nao mjini, akanioa nao, akasomesha nao watoto wanne. Sawa, nashukuru. Lakini mkono sasa unatetemeka, jamani! Akishika kikombe, chai inamwagika. Akishika wembe, mimi roho inanitoka.

Mwaka jana alimkata katibu wa parokia sikioni, damu ikachuruzika mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Wateja wakahamia kwa Anifa, ng'ambo ya barabara, anayenyoa kwa mashine. Mimi nikashangilia kimoyomoyo, nikasema sasa wembe utawekwa kabatini. Thubutu! Akabaki mteja mmoja, Simel.

Simel ni Mmasai wa Kakesio, rafiki yake wa miaka thelathini. Kila mnada analeta mbuzi, na akishauza anakuja kukaa kwenye kile kiti, anainua kidevu, anafumba macho. Nimemsihi mpaka nimechoka.

"Shemeji, nenda kwa Anifa. Mashine haikati koo."

Ananitazama kama nimemtukana. "Mashine ile imepita kwenye vichwa vya layoni wote wa mji huu. Ipite na kwangu, mzee mzima?"

Layoni kwao ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Basi kila mnada nasimama mlangoni na taulo, nasali Salamu Maria, nangoja mume wangu amchinje rafiki yake.

"Baba Raymond, acha kunyoa!" namwambia.

"Nikiacha, nitakuwa nani?"

Hapo ndipo ananimaliza nguvu.

Mnada wa juzi gesi iliniishia, na maji ya kunyolea hayajachemka. Nikabeba birika, nikavuka barabara kumwomba Anifa. Nafungua mlango, namwona nani kitini? Simel! Kitambaa shingoni, mashine inanguruma kidevuni, na anatabasamu kabisa.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Na layoni je?"

Akaruka nusura aanguke. "Shemeji, taratibu. Usimwambie. Kila mnada naanzia hapa, ili kule kwake wembe usikute kitu cha kukata. Nisipoenda mimi, ataenda nani?"

Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau birika. Nilirudi mbio, nikamkuta Patrisi anakoroga povu, nikamwambia yote niliyoyaona kwa Anifa. Nikajua leo ndio mwisho wa huu wembe.

Hata hakuinua kichwa. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kidevu nimekishika miaka thelathini, nishindwe kujua kimeshanyolewa?" Akaukunjua wembe, akaugeuza, akapitisha mgongo wake kwenye shavu lake mwenyewe. "Tangu nimkate katibu, Simel namnyoa hivi. Makali yanatazama dari."

"Na yeye anajua?"

"Ngozi ni yake. Atakosaje kujua?"

Loh! Kwa hiyo mwaka mzima nimesimama pale mlangoni, presha juu, nikiwaombea wazee wawili wanaopanguzana povu! Nilimwambia maneno ambayo nitayapeleka kwa padri Jumamosi. Alisikiliza yote, kisha akasema polepole, "Mimi nilishaacha kunyoa, Mama Raymond. Wewe nyamaza tu, asije akaacha kuja."

Mara mlango ukafunguliwa. Simel akaingia, kidevu kinang'aa kama sahani iliyooshwa, akakaa kitini bila kunitazama.

"Kinyozi," akasema, "leo ndevu zimezidi."

Patrisi akachovya brashi kwenye povu, ananitazama mimi.

"Zimezidi kweli, shemeji," nikasema. "Kaa vizuri unyolewe."