Philister Aliyelifukia Kaburi la Achilleion

Saa kumi na moja alfajiri, theluji imefika magotini huko nje, Philister Akumu anasukuma ndoo ya maji ya sabuni katika ukumbi wa maonyesho wa chuo kimoja mjini Saint Paul, Marekani. Akifika kwenye meza ya katikati anaacha ufagio na kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

Juu ya meza kuna mji wa mfano, wa udongo: nyumba, ukuta, ufuo. Ni Achilleion, makazi ya Wagiriki wa kale katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki. Kando ya nyumba kuna kilima cha kaburi. Watu wa kale waliamini kwamba humo amezikwa Achilles, shujaa wa vita vya Troya, ambaye hakuna ajuaye kama aliishi kweli.

Kwa ajili ya mji huo, Philister nusura amwage unga.

Ilikuwa Januari hii ya 1997, asubuhi ya kufungua maonyesho. Wanafunzi walikuwa wamekikata kilima hicho upande mmoja na kukiacha wazi, kuonyesha kwamba wachimbaji waliofukua kilima kimoja cha aina hiyo huko Uturuki hawakukuta maiti. Philister hakuambiwa. Alichoona ni kaburi wazi, tupu, lililolala hivyo usiku kucha. Akachota udongo uliobaki kwenye beseni, akalifukia na kulisawazisha kwa kiganja.

“Kwetu kaburi haliachwi wazi hivyo, tena halina mtu. Linaita mwingine,” anasema mama huyu wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Ugunja, magharibi mwa Kenya. “Nilikuwa na-clean tu, nikaona hawa watoto wamesahau. Nikasema wacha niwasaidie. Kumbe nimeharibu project ya watu!”

Sasa anacheka mpaka anashika mbavu. Siku ile hakucheka. Msimamizi alimwambia avue aproni arudi nyumbani, na alikuwa ameshafika mlangoni pale Joan Lindqvist, mwalimu wa historia, alipomzuia na kumuuliza kwa nini amefanya hivyo.

Philister alikusudia kuomba radhi aende zake. Badala yake alijikuta anasimulia habari za mdogo wake, Harrison.

Harrison alikuwa utingo wa lori la chumvi lililoelekea Zaire mwaka 1986. Lori lilionekana, limetelekezwa. Dereva na utingo wake hawakuonekana tena.

Kwa Waluo, watu wa kabila lake, mtu aliyepotea hivyo huzikwa kwa tunda la mvungunya, yago, refu na zito, linalolazwa kaburini badala ya mwili. Mama yao ameliomba jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu Jeremiah, kitinda mimba, hawezi kujenga nyumba yake kabla mambo ya kaka yake hayajatengenezwa. Ana mke na watoto, na bado analala jikoni kwa mama. Lakini mama hataki kufanya lolote bila ridhaa ya Philister, kifungua mimba, ambaye ndiye nguzo ya nyumba.

Na Philister alikataa katakata.

“Niliona wakizika yago, mimi ndiye nimemuua,” anasema. “Je, kama yuko jela huko Zaire? Akirudi apate kaburi lake limeota nyasi, nitamwambia nini?”

Joan hakumpa ushauri. Alimwomba msimamizi amrudishie aproni, kisha akamwonyesha nyumba za udongo. Alimwambia kwamba watu wa Achilleion hawakuwa na uhakika wa aliyelala mle. Walijenga, walioa, walizaa, na kaburi wakaliheshimu.

“Hiyo ndiyo ilinipiga,” anasema Philister. “Wao walijenga. Sisi tumemfungia Jeremiah nje, na Harrison mwenyewe hatujamfungulia.”

Jumapili iliyofuata, katika fleti yake ya mtaa wa Cedar-Riverside, alimpigia simu mama yake kupitia duka la jirani huko Ugunja. Alisema maneno machache: tafuteni yago, lakini mningoje. Upande wa pili, mama akamwita kwa jina lake la utotoni.

Philister ameomba likizo ya Desemba. Anachukua shift za wikendi katika nyumba ya wazee huko Coon Rapids ili apate nauli. Jeremiah ameshachagua mahali pa kujenga.

Anaulizwa kama haogopi tena kwamba Harrison atarudi.

“Akirudi tutalifukua tucheke naye,” anajibu. Halafu anakaa kwenye kiti cha wageni, aproni mapajani. “Miaka kumi na mmoja sijamlilia ndugu yangu. Ukimlilia mtu hai, si unamtakia kifo? Nilikuwa najizuia, hata peke yangu kwa basi. Sasa nataka niende nyumbani nimlilie.”