Dada Yangu Kwenye Benchi la Nyuma

Wacha nisizunguke mbuyu: nilikuwa mkali. Tena mkali wa kupendwa, maana kanisani hawakosekani watu wanaofurahi pasta akiwakaripia wenzao. Miaka ya themanini nilichunga kanisa dogo la mabati pale Kibomet, Kitale, na nilikuwa na kitabu cha utaratibu wa kanisa ambacho nilikijua kuliko Zaburi. Mshirika akikosea, alitiwa chini ya nidhamu. Miezi sita haji kwenye Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma, na kama ni mama anavua kitambaa cheupe cha kichwa cha chama cha akina mama. Miezi ikiisha anasimama mbele ya watu na kusema anajuta. Asiposema, anarudi nyuma. Mimi niliona huo ni uchungaji. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Dada yangu alikuwa mshirika wangu. Alinipita kwa miaka tisa, na mama yetu alipokufa yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akachota maji na mimi mgongoni, akapalilia mahindi na mimi mgongoni. Aliolewa Kabuchai, mumewe akafa mapema, akaja Kibomet na mtoto wake wa pekee. Alichambua maharagwe kwenye stoo ya Kalasinga mmoja mjini, na Jumapili aliimba. Hakuna aliyethubutu kuanzisha wimbo kabla yake.

Sasa ukafika mwaka wa kutahiri. Kwetu sisi tunaotoka Bungoma kazi hiyo hufanywa mwezi wa nane, mwaka mmoja inafanywa, mwaka mmoja inapumzika, na mpwa wangu alikuwa amefika umri. Siku moja kabla ya kisu, kijana huenda kwa mjomba wake akipiga njuga. Mjomba anachinja, anamvika ukanda wa nyama shingoni, anamzaba kofi, anamwambia aende akasimame kama mwanaume. Mjomba asipofanya hivyo, kijana anarudi kwa baba zake shingo tupu, na kila mtu barabarani anajua kwamba ukoo wa mama yake umemkataa. Kanisa letu lilikuwa limekataza mambo hayo yote. Kutahiri ni hospitalini, basi.

Dada alikuja kwangu jioni, bado ana vumbi la maharagwe kwenye nyusi.

"Baba zake wameshapanga Kabuchai, mimi sina nguvu ya kuwazuia," akasema. "Pombe sitaki. Ng'ombe pia sitaki. Nunua nyama kilo moja kwa bucha, bana, umvike tu. Mjomba wake si ni wewe? Hana mwingine."

"Mimi ni mtumishi wa Mungu kabla ya kuwa mjomba."

"Ehe! Na kabla ya kuwa mtumishi ulikuwa mgongoni kwangu."

Mke wangu alicheka kule jikoni, na kicheko kile kikanitia hasira zaidi. Nikamwita kijana aliyekuwa akingoja nje, nikampa Agano Jipya, nikamwambia hospitali iko wazi Jumatatu. Ee Mungu wangu! Mtoto amekuja kwa mjomba wake kuchukua ujasiri, mimi nampa saa za kufungua hospitali. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Walienda Naitiri, kwenye shamba la baba yetu, kwa binamu yetu mmoja ambaye alikuwa ameuza hata mabati ya nyumba yake akanywa. Huyo ndiye aliyesimama mahali pangu. Nilisimuliwa kwamba siku hiyo hakuonja pombe, alichinja mbuzi wake wa mwisho, akamvika mtoto ukanda, akamzaba kofi mpaka likasikika kwa jirani, halafu akalia. Kesho yake asubuhi kijana alisimama Kabuchai bila kupepesa jicho.

Habari zilifika Kitale kabla kidonda hakijapona. Ati dada ya Pasta amepeleka mtoto kwa mila! Nikaita wazee wa kanisa. Kulikuwa na mzee mmoja fundi seremala, watu wake walitoka Mkoa wa Kati wakanunua mashamba Trans-Nzoia, mtu wa maneno machache. Akasema, "Pasta, kwetu pia kuna mila. Huyu mama hakunywa, hakuabudu mizimu. Mpe onyo nyumbani, yaishe."

Nikamjibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

"Msumeno naujua mimi," akasema. "Ukiusukuma na hasira unaharibu mbao."

Wengine walikuwa tayari kumfuata. Mimi ndiye niliyekataa. Nilijiambia natetea utakatifu, lakini ukweli ni kwamba niliogopa mdomo wa watu. Niliogopa kuambiwa Pasta anaadhibu wa wenzake na wa kwake anawaficha. Nikamtoa dada yangu sadaka ili mimi nionekane msafi.

Jumapili nikasoma jina lake. Alivua kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiacha juu ya benchi la waimbaji, akatembea mpaka nyuma kabisa. Wimbo uliofuata ulianzishwa na mtu mwingine, ukapanda juu mno, tukaumaliza kwa shida.

Baada ya miezi sita alisimama mbele. Nilikuwa nimemwandalia maneno, neno moja tu, "najuta", na nilimwombea ayaseme. Akasema, "Kama nimewakwaza, mnisamehe. Naomba mnirudishe mezani. Lakini nikisema najuta, nitakuwa nimesema mtoto wangu angerudi shingo tupu. Hiyo siwezi." Wazee wakanitazama. Nikamwambia arudi akakae.

Akakaa miaka minane. Kila tulipomega mkate, sahani ilifika benchi la pili kutoka nyuma, ikageuzwa. Nilijizoeza kutazama dirishani wakati huo. Siku moja nilimuuliza kwa nini hahamii kanisa lingine, na Kitale makanisa yalikuwa yanaota kama uyoga. Akashangaa. "Na ndugu yangu si anahubiri hapa?"

Miaka ya tisini ilipoanza alikonda. Madaktari wa Bungoma walimtazama, wakampa dawa za kutuliza maumivu, wakamrudisha Kabuchai, kwenye boma la marehemu mumewe, akapumzike, na sote tukajua maana ya kupumzika. Akanitumia neno: anataka Meza ya Bwana kabla hajaenda, na anataka azikwe na kanisa lake. Maana sheria yetu ilisema hivyo pia, aliyekufa chini ya nidhamu pasta hamziki. Huzikwa na jamaa zake, kwa nyimbo zao wenyewe.

Nilienda. Nilikuwa na mkate kwenye mkebe na kichupa cha maji ya zabibu. Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, mwepesi kama kapu tupu. Nikakaa, nikafungua mkebe, nikaweka kila kitu juu ya kigoda. Halafu, sijui ni pepo gani alinishika, nikafungua na kile kitabu.

"Sema tu unajuta," nikamwambia. "Hapa tuko wawili."

Akauliza, "Nikikudanganya hapa, utanipa?"

Ningemjibu nini? Ningesema ndiyo, ningekuwa nanunua uongo kwa mkate wa Bwana. Ningesema hapana, ningekuwa mnyama. Na njia ya tatu ilikuwa pale pale, kunyamaza na kuumega. Mikono yangu haikuwa imefungwa na mtu. Lakini nilikohoa kama karani, nikasema nitaongea na wazee Jumapili.

"Sawa, Pasta," akasema. Hakukasirika. Aliniambia nisichelewe gari, na kwamba kuna mihogo imechemshwa jikoni.

Alikufa Ijumaa.

Siku ya mazishi nilifika Kabuchai na kanzu yangu ya kazi kwenye mfuko. Nilikuwa nimekata shauri, naapa. Nitamzika mimi, kwa maneno yote, mbele ya wazee wote, na wakitaka waniachishe kazi siku hiyo hiyo. Nilikuwa hata nimeanza kujisikia shujaa, mjinga mimi. Mpwa wangu alinipokea mlangoni. Alikuwa mwanaume mzima sasa, amenipita urefu. Akauona mfuko.

"Mjomba," akasema, "mama aliacha neno. Ati usimzike kama pasta. Alisema watakuandikia barua, watakufukuza, na wewe hujui kazi nyingine. Alisema uje kama ndugu yake tu."

Niliegemea ukuta. Yaani katika maumivu yale yote, na mkate nimeuondoa mbele ya macho yake, alikuwa anafikiria nitakula wapi.

Basi nikaketi na jamaa. Mzee mmoja wa kijiji aliomba, wanawake wa huko wakaimba, nami sikuulizwa neno. Wakati wa kufukia ulipofika nilichukua sepetu kama ndugu wengine. Mmoja anachota kidogo, anampa mwenzake, ndivyo inavyofanywa. Mimi sikumpa mtu. Nilifukia, nikafukia, udongo mwekundu umejaa viatuni, watu wameacha kuimba wananitazama, mpaka mpwa wangu akaja akaishika ile sepetu juu ya mikono yangu.

"Inatosha, mjomba," akasema.