Nilivyotafsiri kwamba tangi la kijiji lina homa, na aibu niliyoipata kwenye kioo cha kamera ya joto

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mvua ya Kasulu imegoma kuacha tangu asubuhi, nikasema mzee wenu niwape kisa cha ujana wangu. Wale wa kusema "hii chai" kaeni mbele kabisa. Aliyeaibika humu ni mimi mwenyewe, sasa nidanganye ili nipate nini?

Ni miaka ya sabini, vijiji vya ujamaa ndiyo vimepangwa. Nilikuwa nimemaliza form four, na huku kwetu upande wa Heru Juu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nilitembea na kalamu mfukoni hata nikienda kuchunga mbuzi.

Kijiji kilikuwa na tangi la maji la fiberglass. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi ngumu, tabaka juu ya tabaka. Jeupe, linang'aa, limekaa juu kwenye mwinuko. Bomba lilikuwa chini ya mteremko, na pale ndipo akina mama walipanga ndoo.

Sasa kule Kibondo tangi la aina hiyo likapasuka ghafla. Kwa nje halikuwa na hata mkwaruzo! Bahati watu walikuwa shambani.

Ndipo akaja mzungu mmoja, mtaalamu wa kukagua matangi. Wakatafuta mkalimani. Mimi nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza kuuliza.

Wakuu, Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu mtihani. Hiki cha mtu anayeongea haraka na mtemba mdomoni kilikuwa lugha nyingine kabisa.

Mashine yake ilikuwa kamera nzito kama mbuzi, imesimama kwenye miguu mitatu, ina waya unaokwenda kwenye kijitelevisheni. Pembeni kuna chupa kubwa inafuka moshi wa baridi. Ule ubaridi waliuomba kwa watu wa mifugo wanaohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Bila huo, kamera haioni joto, ambalo kwenye kioo huonekana jeupe. (Haya nimekuja kuyaelewa baadaye. Siku ile niliitikia tu "yes sir".)

Kijiji kikakusanyika, jua la asubuhi limeanza kulipiga tangi. Mtaalamu akaeleza, akaeleza, halafu nikasikia neno "delamination".

Sijawahi kulisikia. Watu wote macho kwangu.

"Anasema tangi lina homa," nikatangaza.

"Homa ya nini?" akauliza mzee mmoja.

"Homa ya ndani," nikajibu, kwa uhakika wa daktari.

Hapo akasimama Mama Bukuru, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa mapacha, mtu asiyependa mzaha.

"Kama mashine inaona homa, ianze na watu. Tangi lisubiri."

Foleni ikaanza pale pale! Babu wa kikohozi mbele, nyuma yake mama kambeba mtoto. Mtaalamu akaniuliza wanataka nini. Nikamwambia wanamkaribisha kijijini. Akafurahi, akawapungia mkono.

Mambo yalinizidi. Nikarudi nyuma, nikaegemea tangi na kikaptula changu chepesi, nikajifanya natafakari.

Mtaalamu akatuashiria tusogee apate picha. Nikasogea. Akamwita Mama Bukuru aje aone kwenye kioo.

"Kuna doa jeupe hapa," akasema mama. "Kubwa kama ungo. Na hapa kuna mengine mawili, ya mviringo, yamekaa pamoja."

Akalitazama tangi. Akanitazama mimi.

"Mkalimani, hebu geuka."

Niligeuka, wakuu.

Kile kicheko sitakisahau. Yule babu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Bara hatukuwa na televisheni wakati ule. Ya kwanza kuiona maishani mwangu, nimo ndani yake, na ni makalio!

Ila mtaalamu hakucheka. Alinishika bega, akaniegemeza tena mahali pengine, akanitoa. Watu wakasogea kwenye kioo. Weupe wangu ulionekana, ukafifia, ukapotea.

Mama Bukuru akaacha kucheka.

"La huyu linaondoka. Lile la ungo mbona haliondoki?"

Nikauliza. Safari hii mtaalamu alitumia viganja. Akavibana pamoja, kisha akaviachanisha kidogo. Akaonyesha jua, akaonyesha maji. Nikaelewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikatafsiri kitu cha kweli:

"Matabaka yameachana ndani. Palipo pazima joto la jua linapita, linapozwa na maji. Pale penye doa limekwama juu juu. Hapo tangi halina nguvu, na likipasuka maji yatashukia bombani."

"Tukilimwaga tutakunywa nini?" mtu akauliza. Kilikuwa kiangazi, na mto uko mbali.

Mama Bukuru aligeukia bombani. Mapacha wake walikuwa kule chini na ndoo. Aliwapigia kelele kwa Kiha wapande juu, wote, waache hata ndoo.

Tulichota maji kwa juu, tukajaza kila chombo kijijini, yaliyobaki tukayaachia yaende. Kisha mtaalamu akakata pale penye doa. Ganda la nje likabanduka kama utando wa maziwa. Nyuma yake palikuwa peusi, pameloa. Nikapagusa, kidole kikazama.

Mama Bukuru akanivuta pembeni.

"Ungesema tu neno hulijui, mwanangu. Nilikuwa karibu kuwaambia watu hii ni michezo, warudi mashambani."

Nikachukua ndoo, nikaungana na walioteremka mtoni. Tangi lilizibwa baadaye, na mapacha wale sasa ni bibi za watu. Wakiniona sokoni bado wananiambia, "Shikamoo mkalimani," halafu wanaangaliana.

Nilichojifunza: kusema "sijui" kunauma dakika moja tu. Mimi nililikwepa hilo neno, na watoto wa watu walikuwa chini ya mteremko.

Haya, nimemaliza, nichekeni mtakavyo. Waliowahi kutafsiri wasichokielewa, hasa hospitalini na mahakamani, njooni mseme iliishaje. Na kama kuna mmoja humu aliyesimama mbele ya watu akasema "hili silijui", naomba yeye ndiye aanze.