Safari ya Kumtafutia Natalia Mbwa wa Manyoya Mafupi

Sikuondoka Kolwezi kwa kupenda matembezi. Aibu ndiyo iliyoniondoa nyumbani, na nalisema hili mapema ili mtu asije akanidhania msafiri hodari. Binti yangu Natalia ana miaka kumi na tisa, anasoma Lubumbashi, na kipaji chake ni kufundisha mbwa. Alikuwa na dume aitwaye Bosko, wa aina ya Berger Allemand, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani, mwenye manyoya mengi kama blanketi. Alipokwenda masomoni aliniachia mimi.

Mwezi wa kumi, joto likiwa limefika kileleni kabla ya mvua, nilijisifu kazini kwamba Jumamosi nitampeleka Bosko uwanjani, pale vijana wanaposhindanisha mbwa wao kuruka vizuizi na kupenya ndani ya matairi. Nilimwonea huruma kwa lile joto, nikachukua mashine yangu ya kunyolea ndevu, nikamnyoa karibu na ngozi. Nilidhani nimemgeuza mbwa wa manyoya mafupi. Halafu, saa sita mchana, nikamfunga kamba nyuma ya pikipiki nikamkimbiza kwenye barabara ya vumbi ili apate pumzi, kama nilivyoona wengine wakifanya na mbwa wao asubuhi. Nilikwenda mwendo mrefu bila kugeuka. Nilipogeuka alikuwa chini. Alikufa kabla sijapata maji ya kumwagia.

Mke wangu alikuwa msibani Likasi. Nilimzika Bosko peke yangu, nikafagia manyoya uani, nikampigia Natalia simu. Nikamwambia ni nyoka. Alilia sana, na mimi, mtu mzima na kazi yangu ya karani wa mizani, nikazidi kuongeza chumvi ili nimtulize: nilimbeba mikononi hadi kwa mganga wa mifugo, nilikaa naye hadi mwisho. Alinishukuru.

Alipokuja likizo alisema anataka mbwa mwingine wa kufundisha, safari hii wa manyoya mafupi, mwepesi, anayependa kazi. Nilikubali upesi, kama mwizi anayerudisha nusu ya mali.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda taksi kwenda Fungurume. Barabara ilikuwa imejaa malori ya madini, na kila tulipopishana na moja dereva alifunga vioo, tukabaki tunapikwa humo ndani. Natalia hakujali. Njia nzima alinieleza sifa za mbwa: Boxer ana furaha lakini pua fupi humnyima pumzi wakati wa joto, Dalmatian anakimbia vizuri ila wengine huzaliwa viziwi. Kila aliposema neno joto, nilitazama dirishani.

Saa nne tulifika kwa Mama Odia, mjane anayefuga mbwa wa aina ya Malinois na kuwauza kwa walinzi. Mbwa wake walikuwa na manyoya mafupi ya rangi ya udongo na macho yasiyotulia. Mmoja aliruka ukuta unaofika kiunoni mwangu mara tatu bila kutumwa na mtu.

"Malinois iko na akili yenye hailalake," Mama Odia alimwambia Natalia. "Asubui kazi, mangaribi kazi. Ukimuacha bule, atakula mulango."

"Na chaleur, joto yetu hii, anaivumilia?"

"Kuvumilia? Huyu anakimbia mpaka anakufa, mama. Hasemake 'nimechoka'. Ni weye njo utajua mbele yake kama amechoka." Kisha akanigeukia. "Na mbwa yenu ya kwanza, tata, alikufaka na nini?"

"Nyoka," nilisema.

"Nyoka gani?"

"Ile nyeusi." Nikanyoosha mikono kuonyesha urefu wake. Hakuna aliyeniomba kuonyesha urefu. Niliitazama mikono yangu pale hewani nikaona haya, lakini sikuishusha haraka.

Natalia akasema Malinois atateseka naye, kwa kuwa siku za masomo hana saa za kumtosheleza. Mama Odia alimsifu kwa kujijua. Akatuambia tujaribu upande wa pili wa Kolwezi, Mutshatsha, ambako wawindaji wana mbwa wao wa kienyeji, wepesi, wasiobweka ovyo.

Alhamisi, kabla ya saa tano, tukiwa tumerudi Kolwezi, tulipata lori la makala, yaani makaa ya kupikia, lililokuwa likirudi Mutshatsha tupu. Tulikaa mbele na dereva. Tuliiacha migodi nyuma, ikaja misitu na mashamba ya mihogo, na kando ya njia magunia ya makala yaliyopangwa yakingoja wanunuzi. Tulifika jioni tukiwa wekundu kwa vumbi. Mwenyeji wetu, Tata Muteba, mwindaji mwenye sauti ya chini, alitupa maji ya kuoga, bukari, ule ugali wetu, na samaki, na hakuuliza kitu hadi tuliposhiba.

Ijumaa, jua lilipochomoza, alitutolea mbwa watano wadogo kwa umbo, wekundu, mikia imejikunja, kila mmoja na kengele ya mti shingoni ili asikike porini. Hapo nilimwona binti yangu kazini. Alitupa mpira wa kitambaa, akauficha kwenye majani, akapiga makofi ghafla. Aliyemrukia kwanza kwa furaha alimwacha, na aliyejificha alimwacha pia. Alimchagua jike mwenye kifua cheupe, aliyeutafuta mpira, akauleta, kisha akasimama akimtazama usoni kungoja neno.

"Ni huyu," alisema.

Tata Muteba aliitikia kwa kichwa, akamfunga yule jike kamba mtini, lakini hakutupa. "Hapa kwetu mbwa haitokake hivi hivi. Mwenye anakuya kuikamata, anasema kwanza namna ile ya mbele ilikufaka. Anasema hapa, mbele ya mbwa benyewe. Hata shiye bawindaji, mbele ya kwenda mu pori, kila mutu anatoa inje neno lenye iko nalo mu roho. Kama kuko neno lenye linafichwa mu nyumba, mbwa haitafuata mutu."

Alinitazama mimi, mkubwa wa nyumba. Niliinama nikakung'uta vumbi kwenye suruali.

"Papa anaona uchungu sana," Natalia alisema. "Acha mi niseme." Akapiga magoti mbele ya wale mbwa. "Alikuwa anaitwa Bosko. Nyoka njo ilimuluma. Papa alimubeba mu mikono mpaka kwa munganga. Alibakia pembeni yake mpaka mwisho. Hakukufa yeye peke."

Alisema kwa machozi, kwa moyo wote, uongo wangu neno kwa neno. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini si kama ya siku ile. Kama ningenyamaza, ningekuwa nimemfanya mtoto wangu shahidi wa uongo.

"Hapana, Nata," nilisema. "Hakukuwaka nyoka. Ni mi."

Nikasema yote: mashine ya ndevu, kamba, pikipiki, saa sita mchana, manyoya niliyoyafagia. Nilipomaliza Natalia aliuliza swali moja tu.

"Alilia?"

"Sijui. Pikipiki ilikuwa inapiga makelele."

Alinitazama kama anayemtazama mgeni. Tata Muteba hakunigombeza, na natamani angenigombeza. Alifungua kamba ya yule jike. Kwa mazoea ya baba wa nyumba nilinyoosha mkono kuipokea, naye akaipitisha kando ya mkono wangu, akamkabidhi Natalia.

"Hii ni mbwa yako, mama," alisema. "Yako."

Jumamosi tulirudi na lori lilelile, safari hii likiwa limejaa. Natalia alikataa kukaa mbele. Alipanda juu ya magunia pamoja na mbwa wake, na mimi nikakaa na dereva, aliyenisifu njia nzima kwa kuwa baba anayemhangaikia mtoto hivyo.

Nilichojifunza ni kifupi. Mbwa wa manyoya mafupi anafaa nchi yetu ya joto na vumbi, anasafishika upesi, na kupe huonekana mapema. Lakini manyoya hayamwokoi mbwa na mtu anayemfunga nyuma ya pikipiki saa sita mchana. Hilo nilipaswa kulijua bila safari. Nilijifunza pia kwamba nikisema kweli baada ya kulazimishwa, kusamehewa si haki yangu.

Wiki tatu baadaye likizo iliisha. Yule jike alikuwa tayari anaruka vizuizi, anapita ndani ya tairi, na anasimama akiambiwa. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimemtandikia mbwa gunia barazani, mahali penye kivuli, nikajaza beseni la maji. Natalia alipita hapo, akaviona, akanisalimu kwa heshima.

"Papa, nitamupeleka kwa shangazi, kule Lubumbashi," alisema. "Utanisaidia kubeba chakula yake?"

Nilikibeba.