Wageni wa Viwanja Vipya

Viwanja vipya vya nje ya Ifakara vilipopimwa kwa kamba mwaka 1957, tulihamia nyumba kumi na mbili ndani ya wiki moja, wengine kutoka Mahenge, wengine Mofu, wengine sijui wapi. Nyumba zilinyooka vizuri kuliko watu waliokuwamo.

Kijijini kwetu Mahenge mgeni hatangulii kubisha hodi. Anakaa kwake, wenyeji ndio wanaomletea moto wa kuwashia jiko. Basi nilikaa. Nilingoja mwezi mzima, nimenuna. Aliyeniudhi zaidi ni Verediana wa nyumba ya mbele, mke wa Wendelin, fundi viatu. Nilipohamia nilimkuta tayari anafagia uwanja wake, nikamhesabu mwenyeji. Hakunitupia hata neno. Nami nikabana midomo.

Asubuhi moja nilimwona akizunguka nyumba yake, mikono kichwani. Alisimama njiani, akatazama milango yetu mmoja baada ya mwingine, akarudi ndani. Nilijua kuna jambo. Nikajiambia, huyu ana watu wake, mimi ni nani wa kujitia?

Saa sita akatoka amembeba mumewe mgongoni. Wendelin alikuwa amekondeshwa na homa, miguu yake inaburuzika mchangani. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima. Wanaume wanne wangemfikisha kwa kitanda, na wanaume walikuwapo. Ndipo nilipotupa ungo, nikakimbia nikipiga kelele, milango yote ikafunguka. Tulimkuta kwenye kona ya kwanza. Wendelin alikuwa ameshakata roho mgongoni, naye mkewe hajui, bado anamwambia avumilie.

Kwenye matanga nilimuuliza kwa nini hakutuita.

"Ningeitaje, dada? Hata kwetu Mofu mgeni hungoja apokewe. Wewe tulikutangulia siku mbili tu. Tulipofika tulikuta nyumba nyingine zina watu, tukajua ndio wenyeji, na wewe ni mtu wao."

Nilitamani ardhi inimeze. Serafina wa nyumba ya tatu akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye alikuwa akingoja. Jirani yake akasema hivyohivyo. Tulikuwa tumejazana mle ndani, wageni watupu, kila mmoja amemkasirikia mwenzake kwa kutomkaribisha.

Verediana alitutazama mmoja mmoja.

"Haya, niambieni majina yenu," akasema. "Wendelin alikuwa akiniuliza kila siku."